Jedwali la Ndimi

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na nimechoka kuambiwa niwachangamshe wanafunzi. Kila semina ni wimbo huo huo: somo liwe mchezo, mtoto acheke, aende nyumbani akachunguze mwenyewe. Mimi hukaa nyuma na soda yangu, naandika wanachosema kwa sababu nitaulizwa, na moyoni nawatukana mmoja mmoja. Hakuna mwalimu aliyewahi kunichangamsha kama yule wa kidato cha nne. Na hakuna mtu aliyeivunja nyumba yetu isipokuwa mimi, nikiwa nimechangamka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Bungoma. Mwalimu alikuwa kijana, ametoka chuo kikuu juzi tu, suruali imepigwa pasi mpaka mtu aogope kumgusa. Alituletea mapafu ya mbuzi kutoka kichinjioni tukayapuliza kwa bomba la kalamu. Alituletea jicho la ng'ombe, akalipasua, akatuonyesha lenzi yake, na wasichana waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza wakasogea karibu. Tulimpenda. Mimi nilipenda somo lake kuliko chakula, na aliyewahi kula katika shule ya bweni asinicheke, maana hata njaa nilikuwa nayo.

Muhula wa pili tulifika kwenye urithi. Siku ya kwanza aliingia darasani, akatoa ulimi nje, akaukunja pande mbili ukawa mfereji. Tukaangua kicheko. Akasema anayeweza asimame. Zaidi ya nusu ya darasa tulisimama tukiwa tumetoa ndimi, na waliobaki kwenye viti walikuwa wakijisukuma ulimi kwa vidole. Kisha akaandika ubaoni kilichokuwa kwenye kitabu chetu: uwezo huu hutoka kwa mzazi. Wazazi wawili wasioweza kukunja ulimi hawawezi kupata mtoto anayeweza. Tulikuwa tunaenda likizo fupi ya katikati ya muhula, basi akatupa kazi ya nyumbani. Kila mmoja achore jedwali, apime watu wa kwao, alete.

Kwetu ni Kwanza, mbele ya Kitale, na baba alikuwa mkulima wa mahindi. Alikuwa mtu wa kuamini maandishi. Wenzake walipanda mbegu walizoweka ghalani, yeye alinunua za dukani, akasoma karatasi ya pakiti kwa sauti kama anasoma Injili, akapima nafasi kati ya shimo na shimo kwa kamba. Ukimwambia jambo angekuuliza imeandikwa wapi. Nilipomwambia nina utafiti wa kufanya nyumbani kwake alifurahi sana, akaita kila mtu.

Mama alikuwa amekaa kwenye gunia akipukuchua mahindi. Nikawapanga: baba, mama, wadogo zangu wawili wa kiume. Baba alienda kuleta kioo chake cha kunyolea ndevu, akakazana mbele yake huku mishipa ya shingo imemtoka, na ulimi ulibaki umelala tu. Mama alimcheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Akajaribu yeye, naye ikamshinda. Wadogo zangu pia ikawashinda. Niliyekunja ni mimi peke yangu.

"Wewe ulitoa wapi hiyo?" baba akauliza, akicheka.

"Si amejifunzia huko shule," mama akasema. "Hawa watoto wakikosa kazi wanafanya chochote na midomo."

Nikaandika kwenye jedwali, wala ile kanuni ya ubaoni haikunijia kichwani. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na mistari niliichora kwa rula. Baba akaliangalia lile jedwali kwa muda, akaridhika nalo, akaniambia mwalimu akishasahihisha nimletee majibu, maana anataka kujua.

Mwalimu alisahihisha mbele ya darasa. Alikuwa akichukua daftari moja moja, anasoma, anatania kidogo, anaweka chini. Alipofika kwa langu alisoma mara mbili, na nikaona uso wake ukipata furaha ya mtu aliyekuta mzaha mzuri. Alijua sisi wengi ni watoto wa wakulima wa mahindi.

"Mnajua ile punje ya manjano inatokea kwa gunzi nyeupe?" akasema. "Hiyo si ya shamba lako. Ni chavua imepeperushwa na upepo kutoka shamba ya jirani." Akainua daftari langu juu. "Sasa huyu hapa, bana, kuna siku upepo ulivuma huko Kwanza."

Darasa lilipasuka. Nami nilicheka. Nilicheka kabla sijaelewa, na nilipoelewa mdomo ulikuwa bado wazi. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Punje. Niliitwa hivyo kwenye foleni ya uji, niliitwa hivyo bafuni, msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye hata hakunijua aliniita hivyo akiniomba sabuni.

Sasa niseme kitu cha aibu. Sikumchukia mwalimu. Sikuwachukia hata wale wasichana. Niliyemchukia ni mama. Nilikuwa na uso wa baba, paji lake pana, vidole vyake vya miguu vilivyopandana, na tangu nizaliwe kila aliyefika kwetu alisema huyu ni baba mtupu. Nilikuwa na kioo bwenini na miguu chini yangu. Lakini niliyoyaona kwa macho yangu hayakuwa yamechapishwa popote, na kitabu kilikuwa kimechapishwa. Kwa wiki sita nililala nikimhesabia mama majirani wote wa kiume, nikijiuliza ni yupi.

Shule ilipofungwa mwezi wa nane nilifika nyumbani mchana, nikamkuta jikoni akisonga ugali. Hata sikumsalimu vizuri. Nilimuuliza baba yangu ni nani.

Alidhani sikusikia vizuri kitu fulani njiani. "Baba yako si huyo unaona hapo nje?"

Nikamweleza kitabu kinavyosema. Nilimweleza vizuri, hatua kwa hatua, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi bora. Aliacha mwiko ndani ya sufuria akanitazama. Akasema kwamba tangu azaliwe hajawahi kumjua mwanamume mwingine, na kwamba hilo si jambo la mama kuapia mtoto wake, lakini ananiapia.

"Kitabu hakiwezi kukosea, mama," nikamwambia.

Tukapeleka chakula nje. Baba alinawa, akakata tonge la kwanza, halafu akakumbuka. Akaniuliza kwa uchangamfu wake wote: "Na yale majibu ya ulimi?"

Ningeweza kusema mwalimu hajasahihisha. Ningesema daftari limepotea, na baba angesahau, maana ilikuwa karibu na mavuno na kichwa chake kilikuwa shambani. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshikilia bakuli la mboga hewani, hajaliweka, na macho yake yalikuwa yakiniomba waziwazi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilijiambia kwamba mtu asiye na hatia haombi hivyo. Basi nikasema yote, kwa sauti ya darasani, na nilipoona baba haelewi vizuri nikampa mfano wa punje ya manjano.

Huo aliuelewa mara moja. Mkulima wa mahindi hahitaji kuambiwa habari hiyo mara mbili.

"Ati kitabu inasema hivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Lete."

Nikaleta. Alisoma ukurasa ule akifuata mistari kwa kidole chenye ugali, akaacha alama ambayo haikutoka. Hakumpiga mama, na watu walimsifu kwa hilo. Alimwita baba mdogo, akamsomea. Baba mdogo aliuliza swali moja tu, kwamba siku nikiolewa ng'ombe wa mahari yangu wataingia zizi la nani. Mama alilia, akataja Mungu, akataja watoto aliowazika katika boma lile. Baba alikuwa akimjibu kwa kuonyesha ukurasa.

Kesho yake asubuhi alimtoa mama nyumbani. Wadogo zangu walibaki kwa kuwa ndimi zao zilikuwa zimenyooka. Baba mdogo aliuliza na mimi je. Baba akasema, "Huyu msichana amesema ukweli. Huyu abaki." Mama aliondoka na beseni kichwani kwenda kwa kaka zake karibu na Lugulu, na nilimwona mpaka alipopita kona ya kwa jirani. Wakati huo moyo wangu ulikuwa mgumu, na nilijiona mtu wa sayansi. Halafu nikaingia jikoni kupika, kwa sababu sasa hakukuwa na mwingine.

Nilipata alama ya juu kabisa katika baiolojia. Baba aliniambia hicho ndicho kitu nilichorithi kwake, akajikuta amesema, akatoka nje.

Baada ya miaka mitano hivi, nikiwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, mhadhiri wetu alikuwa akitufundisha namna ya kulifanya somo la urithi lipendeze. Akatoa ulimi, akaukunja. Nikajua kinachokuja. Lakini yeye aliwaita mbele dada wawili mapacha wa darasa letu, wale wa kufanana kabisa, ambao hata sisi tuliwatofautisha kwa viatu. Mmoja alikunja ulimi. Mwingine alishindwa. Darasa likacheka, na mapacha wenyewe wakacheka kuliko wote. Mhadhiri akasema wengine hujifunza tu wakiwa watoto, kwa kuiga wenzao, na kwamba vitabu vilivyoandika kuwa ni urithi usiokosea vimekosea.

"Hii ya ulimi ni ya kuchangamsha darasa tu," akasema. "Msiitilie uzito."

Lilikuwa somo zuri sana. Niliandika kila kitu, halafu nikaenda chooni nikatapika.

Jumamosi hiyo nilienda Kwanza. Baba alikuwa amezeeka, alikuwa na mke mwingine na watoto wadogo, na alikuwa akianika mahindi kwenye turubai. Nilimweleza. Alisikiliza akigeuza mahindi kwa mguu. Akaniuliza imeandikwa wapi. Nikampa daftari langu la chuo, akasema hiyo ni mkono wangu, haijachapishwa. Baadaye kidogo akauliza, bila kunitazama, huyu mke aliye hapa sasa amfukuze ampeleke wapi. Sikuwa nimekuja kwa ajili ya huyo mke.

Siku ya soko nilienda Chwele, upande wa kwa wajomba zangu. Niliambiwa mama anauza vitunguu upande wa juu, karibu na wanaouza kuku. Kulikuwa na watu wengi, na nilimpita mara mbili nikitafuta mwanamke mnene. Alikuwa amekonda. Alinitambua kabla sijamtambua, akanisogezea kigoda, akaniuliza kama nimekula. Katika miaka ile yote sikuwa nimekwenda kwake hata mara moja.

Nilianza kusema papo hapo, kwa haraka, kama mtu anayeogopa kengele italia. Nilimweleza habari za mapacha. Nilimwambia kwamba kitabu kilikosea, kwamba sasa inajulikana, kwamba nimeshamwambia na baba. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa sababu sasa najua alikuwa akisema kweli. Nililia. Yeye alikuwa akipanga vitunguu mafungu mafungu, vikubwa juu, na hakunikatiza.

Nilipomaliza aliweka kitunguu cha mwisho juu ya fungu.

"Hao mapacha," akasema, "kama hawangekuwa kwa darasa yenu, ungekuja?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Mwanamke mmoja akasimama mbele yetu akauliza fungu ni ngapi, na mama akamtajia bei, akamchagulia vizuri, akamfungia kwenye gazeti. Kisha akanigeukia tena, akangoja jibu langu. Hakuwa na hasira. Alingoja mpaka jua likahama kwenye kibanda, halafu akaanza kukusanya vitunguu vyake kwenye gunia.