Mkono Usiotaka Kuambiwa Jikaze

Wateja walimwita kinyozi yule Mkono Pamba, na jina hilo hakulipata bure. Mkono wake wa kulia ulishika mashine kama ishikwavyo na vinyozi wote. Ufundi wake ulikuwa kushoto. Kwa kiganja cha kushoto alikigeuza kichwa cha mteja kama mtu ageuzaye yai lenye ufa, kwa vidole viwili akaivuta ngozi ya nyuma ya sikio, na wembe ukapita pasipo mwenye ngozi kujua kwamba umepita. Wazee wenye vipele shingoni walimngoja yeye hata pale kiti cha pili kilipokuwa kitupu. Kiti hicho cha pili kilikuwa cha shemeji yake, ndugu wa mkewe, na ndiye aliyekodi chumba hicho cha kunyolea.

Asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, kiharusi kikamwangusha. Mguu ulirejea baada ya wiki kadhaa, ukiburuza kidogo. Ulimi nao ulirejea, na mkewe aliapa kwamba ulirejea mrefu kuliko ulivyoondoka. Mkono wa kushoto ndio uliokwenda njia yake. Kwanza ulining'inia kama kitambaa kibichi. Katika mwezi wa pili ukaanza kujikunja: kiwiko kikapanda kifuani, kifundo kikapinda, vidole vikafumba juu ya dole gumba, ikawa ngumi.

"Nguvu zimerudi!" mkewe alishangilia.

Nani angemlaumu? Karatasi waliyotoka nayo hospitalini ilikuwa na maneno mawili tu: "Afanye mazoezi." Mazoezi gani, kwa namna gani, kwa kusudi gani, mwandishi wa karatasi hakuona haja ya kueleza. Foleni ilikuwa ndefu na kalamu ilikuwa na haraka. Nusu ya agizo iliyobaki ikajazwa nyumbani kwa mapenzi na kutojua, na viwili hivyo vikichanganywa huumiza kuliko ukatili.

Shemeji alileta mpira wa kuminya. Kinyozi aliuminya mara mia mbili kwa siku. Kisha kila alfajiri, kabla ya kwenda kufungua duka, shemeji huyo huyo aliketi kitandani, akaikamata ile ngumi na kuvuta vidole kama ang'oaye mhogo.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Tukiuacha utakauka hivi hivi. Jikaze, shemeji!"

"Taratibu basi! Huyo samaki ana mifupa."

"Mwanamume analilia vidole? Jikaze!"

Akajikaza. Alikaza meno, akakaza shingo, akakaza roho, na mkono, mtiifu kuliko mtoto wa shule, ukakaza pamoja navyo. Majirani walipita kumjulia hali na kumwachia neno lile lile mlangoni: jikaze, baba, jikaze. Mkono ulipozidi kutofunguka, wakaanza kunong'ona kwamba anajidekeza. Hilo ndilo lililomwuma. Mtu aliyesimama kwa miguu yake miaka ishirini na mitatu akinyoa vichwa vya watu, leo anaitwa mvivu kwa sababu msuli wake umekakamaa!

Jioni moja shemeji alikuja bila mzaha.

"Nimempata kinyozi mwingine, mtu mzima, ana vifaa vyake. Nimemwambia aje mwisho wa mwezi ujao. Ukiweza kunyoa kichwa kimoja, kizima, siku hiyo, kiti ni chako. Usipoweza, usinilaumu."

"Sikulaumu," kinyozi alijibu, na usiku kucha alikiwaza kiti.

Kucha zilikuwa zimetoboa kiganja, na ndani ya ngumi kukatoka harufu. Mkewe alimpeleka zahanati kusafishwa kidonda. Mwuguzi aliutazama mkono, akawaelekeza chumba cha mwisho cha ujia, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mnene ambaye wagonjwa walimwita Bibi Taratibu.

Bibi Taratibu hakuvuta kitu. Aliushika mkono chini ya kiwiko, akauliza, "Nyumbani kwenu nani husema 'jikaze'?"

"Sisi sote," mke alijibu kwa fahari.

"Basi nisikilizeni. Ubongo huiambia misuli: kaza, sasa legea. Kiharusi kimeharibu njia ya 'legea'. Imebaki 'kaza' peke yake. Ukiuvuta msuli kwa ghafla, unajihami. Ninyi mnaushambulia kila alfajiri, halafu mnashangaa umefunga mlango!"

"Na mpira?" mke aliuliza.

"Mkono huu haujui jambo jingine ila kufumba. Mnaupeleka darasani kusomea nini? Mpeni mtoto mpira wake."

Kinyozi alitazama sakafu. "Kwa hiyo sikuwa mvivu?"

"Mvivu? Baba, umefanya kazi kupita kiasi, ila kwa kuelekea kusikofaa."

Mkewe akageukia ukuta, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kuanzia hapo neno lile lilipigwa marufuku nyumbani. Kidonda kilitibiwa kwanza, kwa kuwa maumivu yenyewe hukaza msuli, kama baridi, hasira, kibofu kilichojaa na choo kigumu. Daktari aliongeza vidonge vya kulegeza misuli. Vilimfanya asinzie juu ya sahani, akampunguzia. Bibi Taratibu alifinyanga kibao cha plastiki kwa umbo la mkono, cha kuvaliwa kwa saa alizozipanga. Kila asubuhi mke alifunika mkono kwa kitambaa cha uvuguvugu, akaanza begani, akashuka kiwikoni. Kifundo alikikunja kwanza kuelekea ndani, vidole vikalegea vyenyewe. Ndipo alipofungua dole gumba, kisha vingine, akavishikilia bila kuvuta huku akihesabu polepole.

"Ji—" lilimponyoka siku za mwanzo, akauma ulimi. "Jilegeze, baba watoto."

"Mke gani humwamsha mumewe kwa kumwambia alegee?"

Walicheka, na katika kicheko kile vidole vilifunguka zaidi.

Siku aliyoiweka shemeji ilipofika, ngumi ilikuwa ikifunguka na kubaki wazi kwa kitambo. Vidole viwili vya kuvuta ngozi havikurudi, na Bibi Taratibu hakumdanganya kwamba vitarudi. Kiganja, hata hivyo, kiliweza kulazwa juu ya kichwa, kizito na kimetulia.

Mwalimu mmoja mstaafu, mwenye vipele shingoni, alijitolea kichwa. Kinyozi mgeni aliketi kwenye benchi, mkoba wa vifaa magotini. Feni ilizunguka. Nusu ya kichwa ilikwisha vizuri. Ndipo mpita njia alipochungulia mlangoni na kupaza sauti, "Mkono Pamba! Umerudi! Jikaze, baba!"

Kinyozi alishtuka. Vidole vikafumba, vikakamata shuka shingoni mwa mteja.

"Bwana," mwalimu alisema kwa sauti ya kukabwa, "unaninyoa au unanikamata?"

Aliweka mashine chini. Jasho lilimtoka. Alitamani kuing'oa ngumi ile kwa nguvu zote, mbele ya wote, aonekane mwanamume. Badala yake alikikunja kifundo, akaachia shuka, akaketi, akaulaza mkono juu ya paja na kungoja. Dakika zikapita. Mgeni akainuka kwenye benchi.

"Nimalizie mimi?"

"Keti," mwalimu alijibu. "Kichwa nusu hakina safari."

Shemeji alisimama kando ya kioo. Kisha akanyoosha mkono, akazima feni, akaurudisha mlango. Akamwaga maji ya moto kwenye beseni, akakamua taulo, akamfunika shemeji yake mkono, taratibu, kuanzia juu.

Kichwa kilikwisha baada ya saa nzima. Mwalimu alipapasa kisogo, hakupata hata mkwaruzo.

"Nitaweza vitatu kwa siku," kinyozi alimwambia shemeji. "Vinne nitakuwa naongopa. Asubuhi mkono unafunguliwa, kwa hiyo kiti akalie huyu bwana. Mimi nije mchana."

Shemeji alimtazama mgeni, mgeni akatikisa kichwa kukubali.

"Basi mchana kiti kina mwenyewe," shemeji alisema, akaanza kufagia nywele.