Sala za Harusi ya Bwana Mifugo

Jumamosi iliyopita nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi ni mpiga chapa wa ofisi ya kilimo hapa Iringa. Kila kipeperushi cha magonjwa ya ng'ombe lazima kimalizike kwa onyo lilelile. Kwa uvivu wangu nikalikata onyo hilo kwenye stensili moja, karatasi ya nta ya kunakilia, nikalichapa chini ya rundo zima la karatasi, ili baadaye niwe naongeza maneno ya juu tu. Nilijiona fundi kweli!

Kalinga, bwana mifugo wetu, alipokwenda kuoa Ilula, nikajitolea kumchapia sala za harusi. "Usijali, Ndugu Kalinga, niachie mimi." Nikachota karatasi kwenye rundo, nikazungusha mashine, nikazikunja bila kuzisoma, nikakimbilia basi.

Kanisani mchungaji akasema, "Tusome wote." Kanisa zima likasoma kwa sauti: "Bwana, uwajalie upendo usiopoa." Hawakuishia hapo. Wakaendelea kwa unyenyekevu uleule: "Ukiona dalili hizi, mtenge mnyama na wenzake, kisha umwite bwana mifugo haraka."

Kalinga akanigeukia, amemshika bibi harusi mkono.

"Dada Ester, bwana mifugo nimeshafika."