Mkono Uliosema Vuguvugu

Walimwita Chapuchapu, na jina hilo hakupewa bure. Akiwa na miaka ishirini na mitatu, aliweza kumaliza kichwa, ndevu na umbea wa mteja kabla kinyozi wa kiti cha pili hajapata plagi ya mashine yake. Saluni ilikuwa ya shangazi yake, mwembamba wa umbo, mnene wa sauti, ambaye akikohoa ndani, aliye barabarani husema pole.

Kisha mwili wa Chapuchapu ukaanza vituko. Maumivu yalimjia kama mgeni asiyejua kukaa: leo begani, kesho gotini, keshokutwa yamehamia kisogoni bila kuaga. Asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala, utadhani usiku kucha alikuwa akilima shamba la watu. Mchana, kila baada ya vichwa viwili, alitafuta pa kukaa.

"Mzee kapumzike," kinyozi wa kiti cha pili alimtania. "Wajukuu hawajambo?"

"Wanakusalimia. Wanasema unawanyoa vibaya."

Alicheka, lakini kicheko nacho kilimchosha.

Zahanati walimpima damu, wakampima mkojo, wakampa karatasi: kila kitu safi. Mama yake aliisoma mara mbili, akaikunja kama cheti cha shule. "Si umeona? Mzima kama kigongo!"

"Kigongo hakiumwi, mama."

"Wala hakilali hadi saa tatu."

Jambo moja hakumwambia mtu, hata huyo mama. Ganzi ilikuwa imeingia vidoleni mwa mkono wa kushoto, ikapanda taratibu hadi kwenye kifundo. Angelisemaje? Nani ampe koo lake kinyozi asiyesikia vidole vyake? Basi akanyamaza, akatabasamu, akazidi kukaa. Shangazi akazidi kukasirika.

"Baba, nakupenda," alimwambia Ijumaa, mbele ya wateja wanne, "lakini uvivu siupendi. Kesho nikikukuta umekaa tena, hicho kiti nampa mwingine."

Jumamosi asubuhi akaingia mwalimu mstaafu, mteja wa kiti cha tatu, kile cha Chapuchapu, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

"Leo uninyoe kwa adabu," alisema akijilaza. "Naenda kupiga picha ya kitambulisho. Sura hii nitakaa nayo miaka kumi."

"Nikutengenezee ya miaka ishirini, mwalimu?"

"Usinitakie makubwa."

Ndevu za mwalimu zilikuwa ngumu, hazinyoleki bila taulo la moto, na taulo katika saluni ile lilikuwa na sheria yake. Unalitoa kwenye mvuke kwa koleo, unalikung'uta, unalilaza juu ya mgongo wa mkono wako wa kushoto, unahesabu hadi tatu. Ukivumilia, ndipo liende usoni. Mkono wa kinyozi kwanza, uso wa mteja baadaye.

Chapuchapu akalilaza. Moja, mbili, tatu. Hakusikia kitu. Akahesabu tena kwa hadhari hadi sita.

"Limepoa kidogo," akasema, "lakini litafaa." Akalitandaza.

Mwalimu hakupiga kelele, aliruka. Aliruka na kitambaa cha kunyolea shingoni, akazunguka kiti mara moja, akatumbukiza uso kwenye beseni.

"Umenipika!" akafoka akichuruzika maji. "Miaka kumi nitakuwa nyanya kwenye kitambulisho!"

"Mwalimu, naapa lilikuwa vuguvugu..."

Shangazi alikwisha fika, mkono kiunoni, na neno la kumfukuza likiwa mlangoni mwa mdomo. Lakini mwalimu, ambaye miaka thelathini alikagua mikono ya watoto, akaushika ule mkono wa kushoto na kuuinua kwenye mwanga. Mgongo wake ulikuwa mwekundu, lengelenge limeanza kuvimba kama punje ya mahindi.

"Unaumwa hapa?"

"Hapana."

Akabonya kando ya lengelenge. "Na hapa?"

"Wapi?" Chapuchapu akauliza.

Kinyozi wa kiti cha pili akazima mashine yake.

"Mama," mwalimu akamgeukia shangazi, "mvivu hudanganya kwa mdomo. Ngozi haijui kudanganya."

Shangazi akauweka mkono ule chini ya bomba la maji baridi, akauacha hapo muda mrefu, kisha akafunga saluni saa tano, Jumamosi, siku yenye wateja kuliko zote, akampeleka mpwa wake zahanati.

Daktari wa zamu alikuwa binti mpole. Aliufunga mkono bendeji, akamwambia kijana afumbe macho.

"Nitakuchoma kidogo kwa sindano vidoleni. Ukisikia, sema."

Chapuchapu akangoja. "Daktari, utaanza lini?"

"Nimeshachoma mara tano."

Shangazi akajishika mdomo.

"Jina la tatizo hili bado silijui," daktari akasema. "Damu ni safi, lakini mkono hausikii, na uchovu wako si wa kubuni. Itabidi wapime mishipa yako ya fahamu. Huenda tukachukua miezi kujua."

"Kwa hiyo si uvivu?" shangazi akauliza kwa sauti ndogo asiyokuwa nayo.

"Si uvivu, mama."

Kijana akashusha pumzi. Ugonjwa haukuwa na jina, lakini sasa ulikuwa na mashahidi.

Kwenye korido shangazi akasimama. "Kiti ni chako. Utanyoa kwa mashine, umekaa. Wembe na moto niachie mimi. Lakini nilikuita mvivu mbele ya watu, baba, na mbele ya watu nitakuomba radhi."

Chapuchapu alidhani ni maneno tu. Jumatatu, kila mteja aliyekanyaga kizingiti, kabla hata ya salamu, alikutana na ile sauti: "Huyu kijana anaumwa kweli, na mimi nilimkosea!" Kufikia mchana, wateja tisa walikuwa wameshatangaziwa, pamoja na mwuza magazeti aliyekuwa akipita zake.

"Shangazi, basi," kijana alisihi kutoka kitini. "Nimekusamehe tangu yule wa kwanza."

"Tulia wewe. Wale wa Ijumaa walikuwa wanne, na wawili hawajaja."