Sauti ya Tatu Njia ya Al Wakrah

Mzee, abiria wangu, alikuwa na masharti yake. Akipanda gari langu mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, alikoishi kwa binti yake, ananiimbia wimbo mmoja bila maneno, halafu kimya. Tukifika Al Wakrah, kwa mwongozaji wa filamu aliyekuwa akimsubiri, anasema, "Haya, bhai, ndugu yangu, nirudishie." Nikiuimba sawasawa, wimbo una uhai. Nikishindwa, anautupa. Hakuandika wala kurekodi. Eti ndivyo alivyotunga muziki wa filamu za Kihindi maisha yake yote: dereva asiyejua lugha yake akiusahau, watu wa sinema nao watausahau.

Jamani! Nimetoka Kakamega kuja kuendesha gari Doha, nafanywa chujio la nyimbo!

Nilikuwa nimeshamuulia nyimbo kadhaa. Naye alikuwa hajapewa filamu kwa miaka. Siku hii ninayosimulia ilikuwa ya mwisho: apeleke wimbo, au kazi apewe kijana mmoja anayetunga kwa kompyuta. Mkanda wa kiti ulimshinda, nikamfungia.

Akaimba. Mungu wangu, ulikuwa mtamu! Nikaondoka nikiurudia moyoni. Mudiri, bosi wangu, akapiga simu, sikushika. Karibu na njia ya Al Wukair lori likanichomekea, nikameza matusi yangu yote, maana nikifungua mdomo tu wimbo utamwagika. Jasho lilinitoka na AC inavuma.

Tukaegesha. "Nirudishie."

Nikaimba.

"Huo si wangu."

"Ustadh, ni huo huo!"

"Si huo!" Akapiga kiti kwa ngumi.

Nikarudia, na safari hii nikajisikia. Ai! Tangu ujana naimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya kanisa. Sisi wa sauti ya tatu hatubebi wimbo, tunabeba kinachokaa chini yake. Nilikuwa nimehifadhi sauti yangu ya chini, wimbo wake nikauacha njiani.

"Nimekuponza, Ustadh. Hebu uimbe mara moja tu, niushike."

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, macho yamemtoka, na hapo nikaelewa. Aliyekuwa akisahau ni yeye. Masharti yote yale yalikuwa ya kuficha hilo, na kumbukumbu yake ilikuwa ni mimi. Niliogopa kuliko nilivyoliogopa lile lori.

"Imba hiyo yako," akanong'ona. "Usisimame."

Nikaimba. Nikafika mwisho, nikaanza upya. Mzee kafumba macho, midomo inacheza tu. Nilipoanza mara nyingine, akaingia juu yangu, kwanza kwa kuyumba, kisha akausimamisha wimbo wake mzima, hadi mwisho.

Nikamfungulia mlango nikidhani kazi yangu imekwisha. Akanishika mkono wa shati.

"Twende wote. Ukinyamaza, mimi nimekwisha."

Niliimba sauti yangu kwenye lifti ya kwenda kwa mwongozaji, watu wakitutazama, wala sikuona haya.