Mukono wa Kumwinua Mama

Mama alitembea kama bata, akiyumba huku na huku, na kuinuka kwenye kiti kifupi cha jikoni kulimchukua muda ambao mwingine angeutumia kwenda soko la Sake na kurudi na ndizi. Maumivu ya mifupa yalikuwa yamemfungia kando ya moto, mbali na jua, na Masisi kwetu jua lenyewe hutoka kwa kubembelezwa. Wakati huo shamba lake la Lushebere liliota majani. Wakubwa wa ukoo wa marehemu Papa, baba yetu, walishasema: asipolima yeye mwenyewe, litapewa mwingine.

Muganga wa dispanseri, mtu wa Kibua, alisema mwili wa Mama umekosa vitamini D. Akampa chupa ya matone. Mimi, niliyekuwa nimetoka tu kumaliza masomo ya jioni ya kujua kusoma, niliyasoma maandishi ya chupa kwa sauti ya askofu. Mifupa hairudi haraka, muganga alituonya. Angepita kumwangalia kila musimu wa maharagi.

"Sina mashini ya kupiga mifupa picha," alisema. "Mama atakaa kwa kiti, atainuka. Hapo njo nitajua. Siku atainuka yeye peke, atashika jembe."

Musimu ulipofika, Mama akaanza kuinuka, na mikono ya nyumba nzima ikamrukia. Kwetu mukubwa haachwi ainuke peke yake. Ni kama kumtukana.

"Sasa nimepima nguvu ya watoto," muganga alilalamika.

Musimu wa pili ikawa vilevile. Wa tatu muganga akatufukuza nje, tukabaki tunachungulia mlangoni. Mama akaegemea mbele. Hapo mukono wa muganga mwenyewe ukatoka, ukamshika kiwiko. Tulicheka hadi kuku wakataka kuhama kijiji.

"Na wewe, Papa muganga?" Mama akamuuliza.

"Mama, ni vile walinilea!"

"Achia." Mama akakaa tena. "Weka mikono yote nyuma."

Akaiweka nyuma kama mutoto wa shule. Mama akainuka polepole, bila kushika ukuta, bila kushika mtu.

"Jembe yangu iko wapi?" akasema.

Aliendelea kunywa matone, na muganga aliendelea kuja mwaka baada ya mwaka, ila nyumbani hakumkuta tena. Ilibidi apande hadi Lushebere, kilima ambacho hata mbuzi hukipanda akisali. Mara ya mwisho nilipomsindikiza alifika hana pumzi, akajitupa chini kwenye udongo. Kutoka hapo alimwangalia Mama akiinama, akang'oa muhogo, akainuka, akasogea kwenye shina lingine.

"Imetosha kupima," alisema.

Alipotaka kuondoka, magoti yakamgomea. Mama akaweka muhogo chini, akafuta kiganja kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akamnyooshea mukono.