Shangazi Anatafuta Buti za Kurukia Matuta

Shangazi yangu husambaza mikate. Jua likichomoza ameshapakia kreti nne nyuma ya pikipiki na kuzikaza kwa kamba za mpira, na saa tatu anarudi nyumbani kreti tupu zikigongana. Jumamosi hagusi kreti. Jumamosi hutoa pikipiki ya pili, ile nyembamba yenye matairi ya meno, na kwenda uwanja wa vumbi kuruka matuta. Karibu wote wanaoshindana naye ni wanaume, na wengi wamezoea kuona mgongo wake tu. Huko wanamwita Mikate.

Mwaka jana alivunjika kifundo cha mguu wa kushoto. Alikuwa anakata kona, akashusha mguu kama wanavyofanya wote, mguu ukanasa kwenye mfereji uliochimbwa na matairi, pikipiki ikaulalia. Alikuwa amevaa gambuti, zile za mpira za kuoshea magari. Gambuti yenyewe haikupata hata mkwaruzo. Ila unyayo uliokuwa ndani yake ulitazama pembeni.

Daktari alimwambia kifundo hicho kikivunjika tena atakitia skrubu, na hakitakunjika maisha. Hapo matuta kwaheri, na mikate pia kwaheri, kwa sababu gia za pikipiki hubadilishwa kwa mguu huohuo.

Sasa mbio za kwanza za mwaka ni Jumamosi hii, na wiki inayofuata kuna enduro, mbio za kupanda milima na mawe siku nzima. Juzi Shangazi akatangaza mezani kwamba anakwenda kununua buti za kweli.

"Tunakwenda," Bibi akasema.

Bibi ni mama yake. Alifanya kazi miaka thelathini kwenye chumba cha plasta hospitalini, na akikutana na mtu barabarani huangalia miguu kwanza, uso baadaye.

"Mama, nina miaka thelathini na nne."

"Na plasta nimekufunga mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na ule mkono?"

"Mkono hauhesabiwi."

Bibi alikuwa ameshachukua mkoba. Shangazi alitaka twende asubuhi baada ya mikate, Bibi akakataa. Alisema mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na buti inayokutosha asubuhi itakubana alasiri. Tukaenda saa kumi, Shangazi akiwa na ile pikipiki nyembamba.

Duka la buti ni kontena lililowekwa kando ya uwanja. Ukiingia unapokewa na harufu ya mpira mpya na mafuta ya cheni. Muuzaji alikuwa mshindani zamani. Kila aina ya buti anayouza ana jozi yake moja iliyochakaa, na hakuuzii mpya mpaka uvae ile iliyochakaa uzunguke nayo uwanjani. Anasema amechoka kurudishiwa.

"Mikate! Leo umekuja na mkaguzi?"

"Nimekuja na mama yangu. Kaa vizuri."

Muuzaji akakaa vizuri kweli. Alimtaka Shangazi avae kwanza soksi zake ndefu za mbio, zile nene, halafu akaweka jozi mbili zilizochakaa mezani. Ya kwanza ilikuwa ngumu kama ndoo, imefika karibu na goti, ina vifungo vinne vya chuma na bawaba ubavuni penye kifundo. Ya pili ilikuwa ya ngozi laini, soli ina meno.

"Ngumu ni ya uwanjani," akaeleza. "Hii laini wanaipenda watu wa milimani, maana kule unashuka, unasukuma pikipiki, unatembea juu ya mawe."

"Mimi nakwenda kote kuwili, na nanunua jozi moja."

"Basi leo tutakaa hapa mpaka jioni."

Bibi akasogea mezani. Alichukua buti laini, akashika soli kwa mkono mmoja na shingo kwa mkono wa pili, akaikamua kama nguo iliyofuliwa. Ikajisokota. Akachukua ngumu, akakamua mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ilikubali kwenda mbele na nyuma kwenye bawaba, lakini ubavuni ikagoma.

"Hii," akasema.

"Mama, hujavaa wewe!"

"Nimevaa kwa mikono."

Shangazi akavaa ngumu, akatoka nje akitembea kama bata. Vijana waliokuwa wanaosha pikipiki zao wakaacha maji yatiririke. Akapiga kiki, akaondoka. Gia ya kwanza ilikwenda sawa. Alipotaka kuingiza ya pili injini ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikazidi kulia, na mwendo haukuongezeka. Nikaona kisigino chake kinapiga nyuma, kinapiga tena.

"Mikate!" mmoja akapaza sauti. "Nyuma hakuna kitu! Hiyo si ya kreti!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Pikipiki ya mikate ina kanyagio la gia lenye ncha mbili, unakanyaga mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino. Hii ya mbio ina ncha ya mbele peke yake, na ukitaka kupandisha gia unaiinua kwa pua ya kiatu. Shangazi anajua hilo miaka yote. Lakini mguu uliposhindwa kuisikia gia, ulirudi wenyewe kwenye kazi ya asubuhi.

Akarudi amekunja uso. "Hizi ni sufuria. Sisikii kitu. Lete laini."

Bibi akatazama pembeni.

Na kwa buti laini zile, jamani, Shangazi alikwenda! Pili, tatu, akaruka tuta la kwanza, akaruka la pili, vumbi likasimama nyuma yake kama ukuta. Muuzaji akaanza kutabasamu. Kwenye tuta la tatu alifika chini mapema kidogo, mguu wa kushoto ukateleza kwenye kikanyagio na kugusa ardhi. Kugusa tu. Lakini nikaona unyayo unakwenda upande wake na goti upande mwingine, kisha vikarudi mahali pake.

Alisimamisha pikipiki palepale. Alishuka, akatembea hatua tatu akichechemea, ya nne akaikanyaga sawasawa, lakini rangi ilikuwa imemtoka. Hakuna aliyecheka. Bibi akapiga magoti vumbini, akamvua buti, akapapasa mfupa kwa vidole viwili, polepole.

"Umepona," akasema. "Kwa bahati. Kifundo hakikukingwa na kitu."

Shangazi akakaa juu ya tairi. Kabla ya Jumamosi zilikuwa zimebaki siku tatu. Buti moja ilimnyima gia, nyingine karibu imnyime mguu. Baada ya muda akavaa tena ile ngumu, akafunga vifungo vyote vinne, akapanda pikipiki ikiwa imezimwa. Akainamisha kichwa na kusogeza pua ya buti chini ya kanyagio la gia taratibu, kama mtu anayetia ufunguo kwenye tundu.

Haikuingia.

"Haiingii!" Akainua kichwa, macho makubwa. "Mama, haiingii! Pua ni nene, kanyagio liko chini! Nililifunga mwenyewe nilipokuwa navaa gambuti za pua laini!"

"Mimi nasikia tu," Bibi akasema.

"Nani ana spana namba kumi?"

Spana tatu zilikuja kwa pamoja. Shangazi akalegeza bolti, akavuta kanyagio kutoka kwenye meno ya mhimili wake, akalipandisha jino moja na kulirudisha. Akajaribu. Pua ya buti ikapita. Akainua, gia ikasema *ka!* mpaka sisi tuliokaa kwenye matairi tukaisikia. Wale vijana wakashangilia kama vile mbio zimekwisha.

Akaondoka. Pili. Tatu. Tuta la kwanza alikaa hewani mpaka nikasahau kupumua. Kwenye kona, akashusha mguu wa kushoto, na mguu ukaingia kwenye mfereji wa matairi. Niliona unavutwa nyuma. Bibi akasimama. Buti ikajikunja kwenye bawaba, ikakataa kwenda ubavuni, mfereji ukauachia mguu, na Shangazi akatoka kwenye kona akiwa bado ameshika gesi mpaka mwisho.

Aliporudi, Bibi alikuwa anamngojea kwenye mstari wa kuanzia na vidole viwili tayari. Akafungua vifungo vyote vinne mwenyewe, akapapasa kifundo. Akapapasa tena.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Mama, hapaumi popote!"

Bibi akamgeukia muuzaji. "Na kule milimani kwenye mawe?"

"Soli ya hii inatolewa, mama. Fundi viatu anamwekea ya meno, nusu saa tu."

"Mpya inachukua muda gani kulainika kwenye bawaba?"

Muuzaji akakuna kichwa. "Wiki tatu hivi."

"Mbio ni Jumamosi. Tunachukua hii iliyochakaa."

"Lakini mama, hiyo ni ya kujaribia, siiuzi..."

Bibi akafungua mkoba na kuanza kuhesabu noti. Shangazi hakungoja wamalizane. Alikuwa ameshafunga kifungo cha nne, na kabla muuzaji hajamaliza kujieleza pikipiki ilikuwa imeliruka tuta la kwanza, ikielekea la pili.