Baba Mdogo Aliniozesha, Lakini Baba Hajasomewa Hitima

(Msomaji wetu ameomba tumfiche, nasi tumemficha. Mjibuni kwa huruma.)

Jamani, mimi ni mwanamke wa miaka kumi na tisa, nimeolewa, na nina mimba changa. Kwetu ni bara ya Kilwa, njia ya Mitole, zaidi ya hapo sisemi. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana siku hizi mtu wa kumwamini simjui.

Baba yangu aliingia porini wakati wa vita vya Maji Maji. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapa watu ile dawa kijijini kwetu, kwa hiyo Wadachi wa serikali walimtafuta kwa jina wamnyonge. Vita vilipotulia, baba mdogo akaja kutuambia, "Kaka kafa." Njaa ilipokolea akatokea mchumba, mtu mpole, anafanya kazi kwa akida wa Wadachi. Baba mdogo akasimama kuwa walii wangu, nikaozwa. Na mume huyu kanitunza, sitamsingizia.

Sasa juzijuzi nilikuwa kwenye darasa la wanawake. Mwalimu akasema baba akiwa hai, hata kama kapotelea mbali, mdogo wake hana mamlaka ya kumwozesha binti. Anayeshika nafasi hiyo ni kadhi. Akiozesha baba mdogo, hapo hakuna ndoa. Wenzangu wakaendelea kusuka ukili, mimi wangu ukaniponyoka.

Nilikumbuka mambo. Mama hakukaa eda hata siku moja, alisema ana shamba la kulima. Na hitima ya baba, kile kisomo cha kumwombea maiti, haijasomwa mpaka leo! Wakati wa njaa baba mdogo alisema, "Tutawalisha watu nini?" Haya, mtama sasa umejaa vichanjani, mbona kimya? Mtu huyu swala ya alfajiri haimpiti, lakini kumsomea kaka yake hitima hataki. Nikajiuliza, anaogopa kumsomea aliye hai?

Nikaenda kumwona mama. Kwenye kapu lake la shamba nikakuta ugoro, umesagwa siku ileile, unawasha pua. Mama hanusi ugoro. Baba mdogo hanusi. Aliyekuwa akinusa ni baba.

"Mama, baba yu hai?"

Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. "Ukiulizwa, kafa. Ukijiuliza mwenyewe, kafa pia. Unataka anyongwe?"

Tangu siku hiyo sijamruhusu mume wangu kunigusa. Nasingizia mimba. Nitalalaje na mtu ambaye huenda si mume wangu? Lakini naye si mjinga, ameanza kunichunguza. Jana tunakula, kaniuliza, "Baba mkwe alizikwa wapi?"

"Porini."

"Na nani?"

"Nijuaje mimi? Nilikuwa mtoto."

Akatabasamu, akaendelea kula. Leo asubuhi nimekuta mbuzi kafungwa uani. Kasema, "Ijumaa tunamsomea baba hitima, mke wangu. Naona jambo hili linakukosesha raha. Mama mkwe na baba mdogo nimewapelekea habari, waje wote."

Ni wema huo, au katumwa na akida? Baba mdogo akikataa kusoma, siri imetoka. Akikubali, nitamtazama mama anavyolia, na mume wangu naye atakuwa anamtazama. Ningekwenda kwa kadhi atufungishe ndoa upya, yaishe, ila lazima niseme baba yu hai, na kadhi hunywa kahawa na akida kila siku.

Nampenda mume wangu, wallahi. Ndiyo maana namwogopa.

Nishaurini, nifanye nini? Nikimlilia baba vizuri hiyo Ijumaa, shingo yake inapona, na mimi nabaki naishi na mwanamume nisiyejua kama ni halali yangu. Nikisema ukweli nipate ndoa safi, baba ananyongwa kwa mdomo wangu. Nijibuni upesi, mbuzi yuko uani analia. Na atakayenijibu, tafadhali asiniulize shamba la mama liko wapi.